Mapezi ya Chumba cha Bi Senem

Fundi Eyvaz hakuwa mtu wa kushindwa na chumba. Mpeleke ukumbi wa harusi, mpeleke msikitini, mpeleke kwa mjane mwenye madirisha matatu yanayovuja upepo. Atasimama katikati ya chumba na tepu yake mkononi, atainua pua kama anayenusa mchuzi wa jirani, na kabla chai haijapoa atakutajia idadi ya mapezi. Akishataja, ametaja. Watu wa Ardabil, mji wetu huu wa baridi, walibishana juu ya kila kitu, toka bei ya viazi hadi siku ya kuandama mwezi, lakini juu ya hesabu ya Eyvaz hawakubishana.

Mapezi ndiyo yaliyomlisha. Rejeta ya kwetu huku si ile ya gari, maana ya gari hupoza na hii hutia joto. Hukaa ukutani chini ya dirisha, imeungwa kwa vipande vyembamba vya alumini vilivyo wazi ndani, na kila kipande ndicho watu wanachokiita pezi. Maji ya moto hutoka kwenye boila jikoni, huzunguka humo, yakarudi yalikotoka. Ukitia mapezi machache mtalala na kofia. Ukizidisha mtafungua madirisha, na gesi yenu itakwenda kuyeyusha theluji ya barabarani. Kazi ya Eyvaz ilikuwa kujua katikati ni wapi.

Na kuijua katikati si mchezo, kwa sababu watu hawasemi vyumba vyao ni vikubwa kiasi gani. Wanasema mazulia. Mtu anapiga simu: fundi, tuna chumba cha zulia la mita tisa, tuletee mapezi yake. Hapo Eyvaz hupandwa na hasira. Zulia, atamwambia, halijawahi kuumwa kifua. Anayeumwa ni mtu, na anayeleta ugonjwa ni ukuta. Ukuta upi unatazama nje? Dirisha linaelekea jua au linaelekea mlima Savalan, ambako ndiko baridi inakotoka? Juu ya dari kuna jirani anayepika, au kuna mbingu tupu? Akishajibiwa yote hayo, huja mwenyewe kupima, maana majibu ya watu nayo hayaamini.

Ugomvi wake mwingine ulikuwa na mapambo. Alikuwa akimaliza kazi nzuri, anarudi wiki ijayo kunywa chai, anakuta mama mwenye nyumba ameivika rejeta kitambaa cha lesi, mbele yake ameegesha kochi, na juu ameanika soksi za ukoo mzima. Kisha anaambiwa chumba hakipati joto. "Umemfunga mpishi mikono," atasema Eyvaz, "halafu unauliza chakula kiko wapi." Walimzoea. Walimwandalia halua nyeusi, akala, akasamehe, na kitambaa cha lesi kikabaki palepale.

Ukali wote huo ulikuwa na chanzo chake. Eyvaz alizaliwa Kizilbulak, kijiji kilicho chini ya Savalan, katika nyumba ya chumba kimoja. Moto wa nyumba ile ulikuwa kursi: meza fupi katikati ya chumba, chini yake beseni la makaa, juu yake mfarishi, yaani blanketi zito la pamba, mkubwa unaoangukia pande zote, na watu wa nyumba wameketi kuizunguka, miguu yao imeingia ndani. Miguu iliungua. Pua iliganda. Asubuhi mtoto Eyvaz aliyakuta maji ya kunawa yamekuwa jiwe, na akaapa kwamba akikua, nyumba yake itakuwa na joto kila kona.

Alikua, akaenda Tabriz kufunzwa kazi, akarudi Ardabil, akamwoa Sevil binti wa mwoka mikate, na kiapo akakitimiza. Nyumba yake ilikuwa na joto hadi kwenye kabati la viatu. Aylar binti yake alikuwa na chumba chake na rejeta yake. Tohid, kaka wa Aylar, vivyo hivyo. Sebule ya wageni ilikuwa na rejeta mbili. Hata choo kilikuwa na mapezi yake matatu, na wageni walipotoka humo walimwombea dua mwenye nyumba kuliko walivyomwombea baada ya kula.

Aliyebaki nje ya kiapo ni mmoja tu, mama yake.

Bi Senem alikuwa angali Kizilbulak, katika chumba kilekile, na kursi yake na kuku wake. Kila mwaka Eyvaz alimbembeleza ahamie mjini, na kila mwaka alipewa sababu mpya. Mwaka huu kuku anatamia. Mwaka huu jirani anaumwa. Majira ya baridi yaliyopita akateleza kwenye barafu akienda bandani, akavunjika mkono, akalala hapo juu ya theluji mpaka jirani aliposhangaa kwa nini kuku wanapiga kelele. Eyvaz alipomwona hospitalini, kadogo ndani ya shuka, alilia mbele ya wauguzi bila kuona haya. Kuanzia hapo hakubembeleza tena, alisihi.

Mkono ulipopona Bi Senem akakubali, kwa sharti. Atakuja kujaribu. Atakaa mpaka theluji kubwa ikaribie kufunga barabara ya mlimani, na kama hapakumpendeza, atapanda gari la viazi la Shahbaz, mtoto wa dada yake, katika safari yake ya mwisho, arudi kwake. Eyvaz alijua maana yake. Akirudi, atakuwa peke yake na barafu ile mpaka majira ya kuchipua, na safari hii huenda kuku wakapiga kelele pasiwe na wa kusikia.

Basi alikipima chumba cha mama yake kama ambavyo hajawahi kupima chumba maishani. Alipima urefu na upana, akapima dari, akauweka mkono ukutani asubuhi na jioni. Kilikuwa chumba cha pembeni, kuta mbili nje, dirisha moja kuelekea mlimani. Hesabu ikampa mapezi kumi. Akaongeza moja kwa ajili ya dirisha, na moja kwa kuwa ni mama. Kumi na mawili. Akayafunga, akatoa hewa kwenye bomba, akakaa ndani na shati moja mpaka akatoka jasho jembamba, akaridhika.

Bi Senem alifika na bunda lake, akabusu kila mtu, akaketishwa mahali pa heshima, mbali na mlango, mto mgongoni. Akaletewa chai, vipande vya sukari vya kubana menoni, na halua. Akasifu nyumba. Akasifu zulia. Ila koti lake refu la sufu hakulivua.

"Mama, chumba kina joto?" akauliza Eyvaz.

"Joto, mwanangu. Mikono yako isione maumivu."

Jibu zuri, lakini Eyvaz alikuwa akilitazama koti. Kesho yake koti bado. Kesho kutwa koti bado, na vifungo vimefungwa hadi shingoni. Akauliza tena, akajibiwa vilevile: joto, mwanangu, Mungu akupe umri. Sasa fundi wa joto akimwona mtu ndani ya koti, afikiri nini? Eyvaz alifikiri kama fundi. Mama yake anaona baridi, na kwa adabu hasemi.

Kutosema huko kwetu ni desturi. Mgeni hata mfarishi wake ukishika moto atasema kumekucha vizuri. Kwa hiyo Eyvaz aliyapuuza maneno, akaliamini koti, akaenda dukani kwa Haji Behlul kununua mapezi matatu zaidi.

Haji Behlul aliuza mapezi tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na hakuna siku Eyvaz alinunua pezi la ziada kurekebisha hesabu yake mwenyewe. Alimtazama juu ya miwani, akamfungia mzigo bila neno. Baada ya siku chache Eyvaz alirudi kuchukua mengine matatu, na hapo ikamshinda.

"Fundi," akasema, "unamtia joto au unamkaanga?"

Eyvaz hakucheka. Alirudi nyumbani, akaifungua rejeta, akaunga. Sasa ilikuwa imepita dirisha, inaelekea kwenye kona kama gari la moshi lililokosa stesheni. Bi Senem aliketi kando yake, uso umemwiva, jasho likimteremka chini ya ushungi, koti mwilini. Akasema joto, mwanangu, joto kabisa, usijisumbue.

Boila nalo si punda wa kubebeshwa tu. Maji yote ya moto yalipokimbilia chumba cha pembeni, vyumba vingine vikaanza kupoa. Aylar akawa anasoma amejifunga blanketi. Tohid akaingia kitandani na viatu. Choo kikapoteza sifa. Sevil, binti wa mwoka mikate, aliumua unga wake tangu asubuhi, akaufunua mchana akaukuta umelala vilevile alivyoulaza. Aliubeba na bakuli lake hadi kwa mumewe, akamwonyesha. Akasema, baba Aylar, mimi nimeolewa na fundi wa joto, na unga wangu unatetemeka. Eyvaz akamwomba avumilie. Alimwambia mama akikaa, atanunua boila kubwa zaidi. Sevil akarudi jikoni na bakuli lake. Naye alikuwa na lake la kusema, ila mkwe kusema habari za mama wa mume ni kutia mkono kwenye mzinga wa nyuki.

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Kila mmoja katika nyumba ile alimheshimu Bi Senem mpaka basi. Akiinuka kuosha kikombe, Sevil alimnyang'anya. Akishika kisu kumenya kiazi, Aylar alikipokea kwa mikono miwili na kumbusu shavu. Akarudishwa chumbani kwake, kwenye mto wake, karibu na gari la moshi lake, na mlango ukafungwa taratibu ili joto lisitoke. Wale wanaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nyumbani kwa Eyvaz hawakuwahi kufika.

Shahbaz akapiga simu siku ya Jumanne. Alisema anga imekuwa nzito, Alhamisi ndiyo safari yake ya mwisho. Bi Senem aliipokea simu ile mbele ya wote, akaitikia kwa utulivu, akamrudishia Aylar.

"Nitakwenda naye," akasema. "Nimekaa vizuri sana. Mmeniheshimu, Mungu awaheshimu."

Eyvaz hakubishana, maana kwa mama yake kubishana hakujawahi kumsaidia mtu. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kazi, alikwenda moja kwa moja dukani akachukua mapezi mengine manne, huku akijisemea kwamba bado ana siku moja na nusu. Haji Behlul safari hii hakutania. Alimsaidia kuyapakia.

Mchana, akiwa kwenye nyumba ya mteja, Eyvaz akagundua kwamba spana ndefu ya kufungulia mapezi ameisahau nyumbani. Akarudi. Alipoingia uani kwa nyuma, akasimama. Dirisha la chumba cha mama yake lilikuwa wazi, pande zote mbili, pazia linapepea nje, na paka wawili wa mtaani wamejilaza ukingoni wamefumba macho, wanaota joto la mapezi kumi na manane. Chumbani hapakuwa na mtu.

Mama yake alikuwa jikoni. Alikuwa ameketi chini karibu na jiko la kupikia, koti mwilini, anamtazama Sevil akimenya viazi. Alipomwona mwanawe alishtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, akasema alikuwa anabadilisha hewa.

"Mama," akasema Eyvaz, na sauti yake ilikuwa imechoka, "unaona baridi, unakaa na koti. Kisha unafungua dirisha. Mimi nifanye nini?"

Bi Senem akasema hakuna la kufanya, kila kitu ni kizuri. Hapo Sevil akaweka kisu chini. Mzinga au si mzinga, alitia mkono.

"Baba Aylar, una akili ya mapezi tu. Koti si la baridi. Hujui mwanamke wa huku hukaa na koti lini? Anakaa na koti akiwa anaondoka. Mama hajalivua kwa sababu hajafika. Na dirisha hulifungua kila ukitoka, asiungue, na hulifunga ukikaribia, usione vibaya."

Eyvaz alimtazama mama yake, naye Bi Senem akautazama mkono wake uliokuwa umevunjika, akawa anausugua. Miaka yote hiyo Eyvaz alijua koti ni kipimo cha baridi. Kila mke, kila mama, kila msichana wa Ardabil alijua mgeni asiyevua koti ni mgeni mwenye mguu mmoja mlangoni. Yeye fundi alilisoma koti kama namba.

"Ni kweli, mama?"

"Mkeo ana ulimi mrefu," akasema Bi Senem, lakini alisema kwa mapenzi. Kisha akaendelea, na adabu ya mgeni ilikuwa imemtoka. "Nyumba yako haina kosa, mwanangu. Kila mtu ana moto wake ukutani. Mtu mwenye moto wake atakwenda kwa mwenzake kufuata nini? Tangu nije, nimewaona wote pamoja mara mbili tu: siku niliyofika, na siku samli ilipomwagika jikoni mkakimbilia kupangusa. Kule kwangu nina kuku. Kuku angalau huingia bila kubisha hodi."

Eyvaz alitoka akaenda kuketi kwenye ngazi ya uani na wale paka, na ninaweza kukwambia kwamba hakufikiri habari za ukuta wala dirisha. Alifikiri habari za chumba cha Kizilbulak, pua iliyoganda. Alikuwa ameikumbuka pua miaka yote. Miguu alikuwa ameisahau: miguu ya baba yake mikubwa, miguu ya dada zake iliyompiga mateke chini ya mfarishi, mguu wa mama yake uliokuwa ukiutafuta wake na kuukanyaga taratibu ili alale. Hawakuwa wakikaa pamoja kwa sababu wanapendana kuliko watu wa siku hizi. Walikaa pamoja kwa sababu moto ulikuwa mmoja.

Mteja wa siku ile aliambiwa fundi amepata dharura. Eyvaz alifunga maji, akaingia chumbani, akaibomoa rejeta yake ndefu yote. Kisha akaenda kwa Haji Behlul kumwomba meza kuukuu iliyokuwa nyuma ya duka, ile yenye mguu uliooza. Haji akauliza ya nini. Eyvaz akamweleza kwamba ataikata miguu iwe fupi, na chini yake ataweka rejeta, lakini ya kulala, chali.

"Rejeta inalazwa siku inapokufa," akasema Haji Behlul.

Alisema kweli, kwa sababu rejeta ikilala, hewa hukwama ndani yake na maji hayapiti. Ila Eyvaz alikwisha kulifikiria hilo njiani. Aliinua upande mmoja kidogo tu, kiasi cha unene wa kidole, akaweka tundu la kutolea hewa upande wa juu, na mabomba akayapitisha chini ya ukingo wa zulia. Hilo lilikuwa jepesi. Gumu lilikuwa hesabu. Meza ile ina urefu na upana, lakini haina ukuta wala dirisha wala jirani juu. Ina miguu ya watu. Na kwa miguu hakuna aliyewahi kumfundisha, si Tabriz wala kwingine.

Akawaita wote chumbani kwa mama yake. Akawaketisha kuizunguka meza tupu, akawaambia wanyooshe miguu, akapita na tepu. Tohid alikuwa na miguu ya kumfikisha upande wa pili. Aylar alisema anaona aibu, soksi yake ina tundu. Sevil alicheka mpaka akashika ubavu, akamwuliza mumewe kama anawapima rejeta au sanda. Bi Senem aliwekwa mahali pake, koti mwilini, akanyoosha nyayo zake ndogo. Eyvaz akahesabu: watu watano, pezi moja kwa kila mtu. Halafu, kwa tabia yake, akaongeza moja. Sita.

Jioni ile alifunga rejeta za vyumba vya watoto, na zile mbili za sebule, akaacha kila moja na joto la kutosha mabomba yasigande. Mfarishi mkubwa ukatandazwa juu ya meza. Watoto walinung'unika, kila mmoja akaenda chumbani kwake na simu yake kuonyesha msimamo. Msimamo haukufika mbali. Alianza Aylar, na vitabu vyake. Kisha Tohid, akidai anatafuta chaja. Sevil akaja na sinia la viazi na visu viwili, akaketi, na kisu kimoja akakisukuma mbele ya mkwe wake. Bi Senem akakitazama. Akakichukua, akaanza kumenya, ganda linatoka refu bila kukatika, na Aylar akaacha kusoma akawa anatazama.

Walikula hapohapo, supu ya mtindi na viazi. Eyvaz alingoja mpaka chai.

"Mama, miguu ina joto?"

"Joto, mwanangu. Mikono yako isione maumivu."

Neno lilelile. Na koti alikuwa amelilegeza tu mabegani, hakulivua. Eyvaz akashusha macho kwenye kikombe chake. Sevil alimwona, akamwekea sukari nyingine ambayo hakuiomba.

Alhamisi theluji ilianza kudondoka asubuhi, nyepesi, na baadaye mchana honi ya Shahbaz ikalia barabarani. Bunda la Bi Senem lilikuwa tayari mlangoni, alilifunga mwenyewe alfajiri. Eyvaz hakuwa amekwenda kazini. Alimkaribisha binamu yake ndani anywe chai kwanza, na hakumkaribisha kwa adabu, alimkaribisha ili dakika zisogee. Shahbaz alikuwa mtu mnene, mchangamfu, ametoka kusukuma gari kwenye matope ya barafu. Alipoona kursi alifurahi kama aliyeona ndugu yake aliyepotea. Akajitupa chini kando ya Bi Senem, akaingiza miguu yote miwili hadi magotini, na soksi zake zilizolowa.

Bi Senem akaruka.

"Wewe Shahbaz, toa hivyo vitu humu! Umeingiza samaki wa mtoni kwenye miguu ya watoto. Aylar, mletee soksi kavu za baba yako. Nyumba hii ina watu, si zizi." Alikuwa amekasirika kwelikweli, na katika kuinuka amtandike kofi la mgongoni, koti likamponyoka mabegani, naye akalipiga teke pembeni kwa sababu lilikuwa linamzuia njia. Kisha akamgeukia mwanawe, uso mwekundu. "Na wewe Eyvaz, hesabu gani hii? Tangu jana nyayo zinaniungua. Umezidisha pezi. Kalitoe."

Shahbaz alidhani ameharibu jambo kubwa, akawa ameshika soksi zake mkononi kama mwizi. Sevil alikuwa amesimama mlangoni na buli la chai, na macho yamemjaa machozi.

Eyvaz, ambaye mji mzima haukuthubutu kubishana na hesabu yake, aliinuka akaenda kuchukua spana ndefu. Alipita karibu na bunda lililokuwa mlangoni, akalichukua, akaliingiza ndani ya kabati. Mama yake alimwona, akajifanya hakuona. Akamwambia Shahbaz anywe chai upesi aondoke kabla barabara haijafungwa, na kuku wake ampe jirani, ila yule mwenye madoadoa asichinjwe.

Fundi alifunga maji, akalala chali chini ya meza, akalitoa pezi la sita. Alikuwa akifanya kazi huku anacheka peke yake, na maji ya rejeta yalimdondokea usoni, au tuseme hivyo. Juu ya mfarishi alisikia kisu kinamenya kiazi, kisha sauti ya mama yake, ya juu, ya mtu anayesema na watu wake.

"Na ukimaliza hapo, Eyvaz, lione hilo dirisha. Linavuja upepo tangu siku niliyokuja. Ulikuwa unangoja nani akwambie?"